Kibuyu, Bakuli na Mkebe: Tarehe ya Vyombo vya Siagi Nyeri

Mwaka 1902, Richard Meinertzhagen na askari wake walipojenga boma Nyeri, siagi ya nchi hii ilikuwa ikikaa kibuyuni. Na kibuyu chenyewe hakikutoka kwa mwenye ng'ombe. Mkulima wa Kikuyu ndiye aliyeupanda mmung'unye kando ya shamba, na Mmasai wa Laikipia, asiyeshika jembe, akakipata kwa kubadilishana mali. Biashara hiyo ilikuwa ya wanawake. Hata wanaume walipokuwa wakiuana kwa mikuki, wao walishuka uwandani na mizigo ya nafaka na vibuyu, wakarudi na ngozi na kondoo.

Kibuyu kilitaka subira. Kikishakomaa hulowekwa hadi nyama ya ndani ioze, mbegu zikatikiswa nje, kikaanikwa. Kisha kijiti cha mutamaiyũ, yaani mzeituni mwitu, huchomwa hadi kiwe kaa jekundu, kikaingizwa ndani na kusuguliwa ukutani, halafu majivu yakapanguswa kwa mkia wa ng'ombe. Moshi ule ndio unaoyatunza maziwa na kuyapa harufu ambayo aliyekulia mjini huiita ya kuungua. Mwanamke hukiweka pajani, akakisukasuka mpaka asikie mabonge ya siagi yakigonga.

Wakikuyu wenyewe siagi haikuwashughulisha sana. Ngozi waliipaka mafuta ya mbarika, na shahamu waliipata kwa kondoo dume aliyefungiwa ndani ya nyumba, akanenepeshwa kwa majani ya viazi vitamu. Kwao kibuyu kilikuwa cha uji, pombe na mafuta.

Kati ya 1911 na 1913 Wamasai waliondolewa Laikipia, wakasukumwa kusini. Wateja wa vibuyu wakaenda na mifugo yao, na mahali pao wakaja walowezi na ng'ombe wa Ulaya. Kampuni ya ushirika ya KCC ilianzishwa Naivasha mwaka 1925, na Nanyuki nayo ikawa na kiwanda chake cha krimu. Mashambani, mashine ya kuzungushwa kwa mkono ilitenga krimu na maziwa. Krimu ilikwenda kiwandani ndani ya mikebe ya chuma, maziwa yaliyotolewa krimu yakabakia kwa nguruwe na vibarua. Mpangilio huo unasema mengi.

Siagi iliyobaki kwa mlowezi ilipewa bakuli lake: sahani ndefu ya kioo au kauri, na kifuniko chenye kishikio. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya bahari, kwa hiyo hapa kifuniko kilizuia nzi kuliko joto. Mwezi wa Julai siagi huwa ngumu kama sabuni, ikararua mkate. Mpishi aliyejua kazi aliitoa mapema, akaiweka karibu na jiko. Mpishi huyo alikuwa Mkikuyu. Alilifunua bakuli kila asubuhi, na kwake nyumbani hakuwa nalo. Nami sioni kwamba alilitamani: chombo cha siagi kwa asiyeruhusiwa kufuga ng'ombe wa gredi ni cha kazi gani?

Ruhusa ilikuja na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. Hata hivyo utaratibu wa mgao wa KCC uliendelea kumpendelea mwenye shamba kubwa, mpaka tume ya 1965 iliyoongozwa na Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, ilipofungua njia kwa mkulima mdogo. KCC ilipochukuliwa na serikali mwaka 2003, Kibaki huyohuyo alikuwa Ikulu. Kiwanda chake cha Kiganjo bado kinapokea maziwa.

Basi ng'ombe wakaingia kila boma, na siagi ikakosa pa kukaa. Maziwa ya asubuhi huenda barabarani kungoja gari, ya jioni ni ya chai. Cha kupaka mkate hununuliwa dukani: Blue Band, majarini ambayo haina ng'ombe ndani yake, lakini haihitaji friji wala bakuli. Mwanafunzi wa bweni, awe Kagumo au Tumutumu, huifungia sandukuni kwa kufuli, na ndugu yake wa kitanda cha jirani huja na mkate mkononi na salamu nyingi.

Mkebe ukiisha kilichomo ndipo unapoanza kazi. Ule mdogo wa plastiki hutiwa chumvi au miche ya sukuma wiki. Ule wa bati wa kilo 2, wa mafuta ya kupikia ya Kimbo au Kasuku, ukawa gorogoro, kipimo cha soko. Karatina utaukuta mezani, maharagwe yamejazwa hadi kilele. Mnunuzi mzoefu huugeuza kwanza atazame kitako, maana kuna wauzaji wanaokigonga kwa nyundo kiingie ndani, na maharagwe ya kujaza pengo hilo hubaki guniani.