Ua la Dirishani Ulaya Lilitoka Vilimani Mwetu

Julai hapa Angurai huwa kuna kijibaridi. Si baridi ya Limuru, tusidanganyane. Lakini asubuhi, upepo ukishuka kutoka upande wa Mlima Elgon, utaona mtu wa boda amevaa koti la mtumba lenye manyoya shingoni, lile lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine. Ikifika saa nne jua limetoka, koti limevuliwa, winta yetu imeisha.

Winta ya wenye koti lile haiishi saa nne. Inakaa miezi. Ndiyo maana mtu mwenye bustani Ujerumani au Uingereza huanza kujiandaa mapema, kuanzia Septemba na Oktoba. Hukata matawi yaliyochoka. Hufukia vitunguu vya tulipu vingoje joto lirudi. Hufunika mizizi kwa majani makavu. Na mimea isiyoweza baridi huing'oa taratibu, huitia kwenye vyungu na kuiingiza ndani ya nyumba, kwa sababu maji yakiganda ndani ya mmea, seli zake huharibika na mmea unakufa. Baada ya hapo nje kunabaki kijivu tupu. Kama unataka rangi, unaitafuta dirishani.

Sasa hapo dirishani ndipo hadithi yangu inapoanzia. Kwa zaidi ya miaka mia moja, moja ya mimea iliyopendwa sana kwenye madirisha hayo ni kimmea kidogo chenye majani ya mviringo yenye manyoya laini, na maua ya zambarau yenye kitone cha njano katikati. Wanaozungumza Kiingereza wanaliita urujuani wa Afrika. Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Usambara ipi? Hii hii ya Tanga, hapa jirani Tanzania. Na ndugu zake wengine wanaota Kenya.

Kwa hivyo nikisikia mtu wa rika langu akisema eti maua ni mambo ya Wazungu na ya watu wa Runda, mimi nauliza: kwani walitoa wapi?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1885 Wajerumani walianza kudai nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Watu wa pwani hawakukaa kimya. Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi yao kuanzia 1888, akakamatwa na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1892, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Mjerumani anayeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Huyu jamaa alipenda mimea. Alikutana na ua hili kwenye nchi ya Usambara, mahali ambapo huota katika nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu, akatuma mbegu kwa baba yake kule Ujerumani. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hanover. Mwaka 1893 Wendland akalitangaza ua hilo kwa jina la kisayansi: Saintpaulia ionantha.

Hebu soma jina hilo tena, polepole. Ua la milima ya Wasambaa likapewa jina la mkuu wa wilaya. Wenyeji hawamo.

Na wala hakuwa mgeni wa kwanza kuliona. Miaka ya 1880, John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar, alishatuma sampuli zake bustani ya Kew, London. Mmisionari W. E. Taylor, yule yule aliyekusanya mashairi ya Muyaka kule Mombasa, naye alituma. Lakini sampuli hizo hazikutosha kuandikiwa maelezo kamili. Kwenye sayansi ya mimea, anayechapisha jina kwanza kwa utaratibu ndiye anayetambuliwa. Wanaojua mmea bila kuandika hawahesabiwi. Mimi nikifikiria historia yetu yote, naona kanuni hiyo haikuishia kwenye maua.

Mwaka huo huo wa 1893 kulitokea jambo lingine Tanga. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ingawa asili ya mmea wenyewe ni Mexico. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutoka kwa hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya mkonge ya Tanganyika, yale yaliyofanyiwa kazi kwa jasho la Waafrika ili kamba zisafirishwe nje. Baadaye mkonge ukaenea Afrika Mashariki. Huku kwetu magharibi utauona umepandwa mstari kwenye mipaka ya mashamba, kama askari wa zamu.

Kiswahili kina mzaha wake hapa. Kuna ua la kupamba, na kuna ua wa kuzungushia boma. Ua letu lilitoka na ua wao ukaingia. La kwao likakaa dirishani likitazamwa. Wetu ukakaa mpakani ukituchoma.

Na nikisema mpaka, watu wa Angurai na Malaba wananielewa haraka. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia pale Amani, katika Usambara Mashariki, mahali pa kujaribia mimea kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka huo huo, Waingereza nao walikuwa wakipanga upya ramani yao. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishwa, ukaunganishwa na nchi ambayo leo ni Kenya. Nchi yetu ikatoka Uganda bila kusogea hata hatua moja, na Iteso wakajikuta wengine huku, wengine upande wa Tororo. Watu walipangwa upya, mimea ikapangwa upya, na hakuna upande ulioulizwa.

Lakini kwa nini ua la Usambara ndilo lilishinda dirishani? Jibu ni jiografia, na ndilo jambo ninalolipenda zaidi katika hadithi nzima. Mimea mingi ya Ulaya husoma urefu wa siku. Siku zikifupika, inajua baridi inakuja, inafunga kazi. Ua hili lilikulia karibu na ikweta, mahali ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, tena chini ya kivuli cha msitu. Halikuwahi kujifunza kuogopa Desemba. Ukilipa joto la kawaida la ndani ya nyumba na mwanga wa kutosha, hata wa taa, linachanua tu, theluji ikianguka nje. Kadiri nyumba za Ulaya na Marekani zilivyopata joto la mabomba na taa za umeme, ndivyo zilivyofanana zaidi na msitu wa Usambara.

Pia halina maringo kwenye kuzaa. Unachukua jani moja, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, mche mpya unatokea. Ni vile vile mama zetu hapa kijijini wanavyofanya na maua ya uani: hakuna anayenunua, unaomba kijitawi kwa jirani. Ulaya na Marekani watu walipeana majani hivyo hivyo, ila wenye biashara nao walikuwa kazini. Kampuni ya mbegu ya Benary, mjini Erfurt, ilianza kuuza mbegu zake mapema. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ulaya, ikachagua aina 10 bora, na aina nyingi zilizofuata zilitokana na hizo. Mwaka 1946 wapenzi wake Marekani wakaanzisha chama chao, African Violet Society of America. Leo rangi ni nyingi: nyeupe, waridi, zenye madoa, zenye ukingo uliojikunja.

Wakati haya yote yanaendelea, hakukuwa na mkataba wa dunia uliomlazimisha mtu kuigawia Usambara chochote. Mkataba wa Bioanuwai ulitiwa saini Rio mwaka 1992, miaka 100 kamili baada ya ua kuondoka Tanga. Huo ndio uliosema kwamba nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, ikaweka utaratibu wa kugawana faida. Shida ni moja: mikataba hii ilikuja wakati ua lilikuwa limeshazaa mamilioni ya watoto kwenye madirisha ya watu.

Mwaka 2015 wanasayansi walipanga upya ukoo wa mmea huu kwa kufuata ushahidi wa DNA, wakauingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus. Saintpaulia ikabaki jina la kikundi kidogo ndani yake. Mkuu wa wilaya akashushwa cheo na maabara, bila maandamano hata moja.

Sasa kuna jambo la leo. Porini, ua hili na ndugu zake wanapatikana Tanzania na Kenya peke yake. Aina moja, teitensis, inajulikana kutoka kilima cha Mbololo tu, kule Taita. Kilima kimoja! Mmea huu unaishi kwa kivuli. Ukikata miti ya juu, jua linaupiga na mwamba wake unakauka. Kwa hivyo tunaweza kufika mahali ambapo ua liko salama kwenye dirisha la Hanover, na kwao limekwisha.

Najua mtu ataniambia: Wewe, watu wanahitaji shamba na kuni, ua halijazi tumbo. Hoja hiyo naiheshimu, mimi pia ni mtoto wa mkulima. Lakini msitu unaolilinda ua ndio unaolinda maji. Mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki ndio unaolipatia jiji la Tanga maji yake. Anayekata kivuli cha ua anakata bomba la watu wa chini.

Na sisi wa huku tusijione watazamaji. Pale Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk hapa hapa Teso Kaskazini, kuna pango la mwamba lenye michoro ya kale. Wanaakiolojia wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichimba hapo, na mwaka 2024 wakachapisha walichopata: kunde za miaka kama 2,300 iliyopita, na wimbi la zaidi ya miaka 1,000. Mimea ilianza kusafiri na kutunzwa huku kabla mtu yeyote hajachora mpaka wa Malaba. Watu waliozibeba mbegu hizo hawakuandika majina yao juu yake, na tumelazimika kungoja mchimbaji atuambie.

Mimi sitaki tungoje tena. Julai hii, kabla hujapiga picha ya bogenvilia ya hoteli, ambayo asili yake ni Brazili na jina lake ni la nahodha Mfaransa, tembea kando ya mto au kwenye miamba ya kwenu. Tafuta ua linalochanua bila kupandwa na mtu. Lipige picha lilipo, usiling'oe. Kisha mwonyeshe nyanya au babu na uulize wanaliitaje, kwa Kiteso, Kibukusu, Kitaita, lugha yoyote ya kwenu, na lilitumika kwa nini. Andika jina hilo chini ya picha, pamoja na jina la kijiji, na uliposti.

Nitaanza na ya Angurai wiki ijayo. Ya kwenu nayasubiri.