Kwa Nini Wanakwambia "Toa Laptopu Kwenye Begi"

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasafiri kwenda kurekodi kazi fulani. Ndege ndogo, imejaa hadi pomoni. Nikafika mlangoni kabisa, mhudumu akaiangalia begi yangu akasema, "Kaka, hii iende chini, huku juu kumejaa." Ndani kulikuwa na laptopu, pawabanki mbili na kazi ya miezi minne. Nikamwambia kuna betri humo. Akanijibu, "Usijali, itakuwa salama." Sasa fikiria, watu nyuma yangu wanasonya, na mimi nimesimama hapo nabishana juu ya betri kama mtu amekataa kulipa nauli.

Nilikuwa sahihi. Lakini nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza: nani aliamua laptopu ikae wapi ndani ya ndege? Nikachimba. Ile mashine imekuwa ikivutwa huku na huku na hofu mbili, hofu ya bomu na hofu ya moto, na kila moja inataka laptopu ikae mahali tofauti.

Twende mwanzo. Mwaka 1981 huko Marekani ilitoka kompyuta inaitwa Osborne 1. Ilikuwa na kilo kama 11, kioo cha inchi 5, na haikuwa na betri ndani. Inakaa kama cherehani ya shosho. Lakini iliuzwa kwa sifa moja kubwa: inaingia chini ya kiti cha ndege. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, wazo la kompyuta ya kubeba lilikuwa limefungwa na safari ya ndege. (Mwalimu wangu wa Kiswahili alisisitiza tuiite kipakatalishi, yaani kitu cha kupakata. Osborne ungeipakata, magoti yako yangekuaga.)

Miaka saba baadaye, tarehe 21 Desemba 1988, ndege ya Pan Am 103 ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Watu 270 walikufa, 11 kati yao wakiwa chini majumbani mwao. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya redio ya kaseti, redio ikiwa ndani ya sanduku, sanduku likiwa chini kwenye mizigo. Hapo ndipo kila kifaa chenye nyaya na betri kilianza kuangaliwa kwa jicho baya. Na laptopu ni mbaya zaidi kwenye eksirei, kwa sababu betri na vyuma vyake vimebanana, vinaficha kilicho chini yake. Ndiyo maana unaambiwa uitoe, uiweke kwenye trei peke yake, si roho mbaya ya askari.

Halafu kuna kisa cha hapa jirani ambacho wengi wetu hatukifuatilii, na ndicho kinaniuma zaidi.

Tarehe 2 Februari 2016, ndege ya Daallo iliondoka Mogadishu ikielekea Djibouti ikiwa na abiria zaidi ya 70. Haikumaliza hata nusu saa angani. Bomu lililokuwa ndani ya laptopu likalipuka karibu na dirisha, likatoboa tundu ubavuni mwa ndege. Aliyekuwa nalo akavutwa nje na upepo. Rubani akaigeuza ndege, akarudi nayo Mogadishu, na abiria wengine wote wakashuka hai. Kilichowaokoa ni kwamba ndege ilikuwa haijapanda juu sana. Kule juu kabisa, tofauti ya presha kati ya ndani na nje ingeweza kuipasua yote. Al-Shabaab wakasema ni wao.

Sasa sikiliza hii sehemu. Serikali ya Somalia ilitoa video ya kamera za uwanjani. Yule jamaa anaonekana akikabidhiwa laptopu na watu wawili, mmoja amevaa jaketi la wafanyakazi wa uwanja. Yaani hiyo laptopu haikupenya kwa ujanja wa abiria kwenye trei. Ilipitishwa na watu wa ndani. Mwezi Mei mwaka huo huo mahakama ya kijeshi iliwahukumu wawili kifungo cha maisha, na mmoja wao aliwahi kuwa afisa wa usalama wa uwanja huo huo.

Kumbuka hilo, halafu tuhamie kwa ile hofu ya pili.

Betri ya lithiamu ikipata hitilafu hujichemsha yenyewe, seli moja ikawasha nyingine, na moto wake ni mgumu kuuzima. Mwaka 2006 kampuni ya Dell ilirudisha betri milioni 4.1 za laptopu zilizotengenezwa na Sony kwa sababu ya hatari hiyo. Mwaka 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliyobeba betri nyingi za lithiamu ilishika moto ikitoka Dubai, ikaanguka, na marubani wote wawili wakafa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likapiga marufuku betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo kwenye ndege za abiria.

Umeona tarehe? Februari 2016 bomu linasema laptopu ni hatari pale ulipoketi. Aprili 2016 sheria inasema betri ni hatari kule chini.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2017, Marekani ikachagua upande. Kifaa chochote kikubwa kuliko simu kiende chini, kwa ndege zinazotoka moja kwa moja kwenye viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini. Dubai, Doha, Abu Dhabi na Istanbul vilikuwemo. Mashirika yakapewa saa 96 kujipanga. Hapo Wakenya wakaingia kwenye hesabu bila kuulizwa, kwa sababu wakati huo hakukuwa na ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Marekani. Kenya Airways ilianza safari ya New York Oktoba 2018. Mwanafunzi wetu aliyepitia Dubai alitoka JKIA na laptopu yake mkononi, amekaguliwa getini, mlangoni na ndani, halafu Dubai akaambiwa aiachilie.

Uingereza nayo ikatangaza marufuku yake siku hiyo hiyo, lakini Dubai, Doha na Abu Dhabi hazikuwa kwenye orodha yao. Kwa hivyo uwanja ule ule wa Dubai, laptopu ile ile: ukienda London unaipakata, ukienda New York ni hatari kwa binadamu. Walisema wana taarifa za kijasusi, na siwezi kusema hawakuwa nazo. Lakini bomu la laptopu lililotangulia lilipitia kwa watu wa ndani ya uwanja, na jibu likawa kumnyang'anya mwanafunzi kompyuta yake. Waliokuwa na tiketi za bei ghali waliazimwa nyingine na baadhi ya mashirika. Wa bei ya chini walitazama sinema saa 14.

Kufikia mwisho wa Julai 2017 marufuku ya Marekani ilikuwa imeondolewa kote, baada ya viwanja kukubali ukaguzi mkali zaidi. Mwaka huo huo wataalamu wa usalama wa anga wa Marekani walijaribu kuichemsha betri ya laptopu ndani ya sanduku lenye mkebe wa dawa ya kupulizia nywele, kitu cha kawaida kabisa cha msafiri. Moto ulishika, mkebe ukalipuka, na mfumo wa kuzima moto kule chini haungewahi. Wakapendekeza vifaa vikubwa vyenye betri visiwekwe kwenye mizigo ya chini.

Kwa hivyo ukikutana na mtu kama yule wangu, hizi ndizo hesabu. Pawabanki na betri za akiba haziendi chini, popote. Kiwango bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100. Zidisha mAh kwa volti, gawanya kwa 1,000: pawabanki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, uko sawa.

Mimi sikuwa na hizo hesabu siku hiyo. Nilifungua begi pale pale mlangoni, nikatoa soksi, chaja, shati la kurekodia, hadi nikafikia betri. Yule mhudumu alinitazama tu. Begi ikaenda chini. Mimi nikapanda na laptopu kwapani na pawabanki kila mfuko, nikaketi 17C, nikaipakata.