Gari, Paa na Jua: Historia ya Kuchaji Nyumbani Croydon

Ukitaja Croydon mbele ya wazazi wetu, wengi hukumbuka foleni ya Lunar House, jengo la uhamiaji ambako karatasi zao zilishughulikiwa. Mimi nikisikia Croydon hukumbuka kwanza mabomba mawili marefu ya moshi yaliyosimama kando ya duka la IKEA, karibu na barabara ya Purley Way. Hayatoi moshi tena. Ni mabaki ya kituo cha umeme cha Croydon B, kilichochoma makaa ya mawe hadi kilipofungwa mwaka 1984. Jengo lilibomolewa mwaka 1991, mabomba yakaachwa, na duka likafunguliwa mwaka uliofuata.

Nimeanza na mabomba hayo kwa sababu insha hii inahusu jambo linaloonekana kuwa kinyume chake: kuchaji gari la umeme nyumbani kwa paneli za sola zilizofungwa juu ya paa. Watu hulizungumzia jambo hili kana kwamba limeanza juzi. Kumbe katika eneo hili la kusini mwa London lilipangwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, likakwama, kisha likarudi kwa sura nyingine. Hoja yangu ni kwamba muda wote huo, kilichoamua nani anafaidi hakikuwa paneli wala gari. Kilikuwa swali la nani ana paa, na nani ana mahali pa kuegesha gari chini ya paa hilo.

Umeme wa mji

Halmashauri ya mji wa Croydon ilianza kuzalisha umeme mwaka 1896, katika kituo kilichokuja kuitwa Croydon A. Mwaka 1901 tramu za umeme zikaanza kupita mitaani, zikichukua nafasi ya tramu zilizovutwa na farasi. Kwa mkazi wa kawaida, hivi ndivyo safari ya umeme ilivyoanza. Hakuhitaji kumiliki kitu chochote. Kituo kilikuwa cha mji, reli zilikuwa za mji, naye alilipa nauli tu.

Mwaka 1948 serikali ilitaifisha sekta ya umeme, na Croydon B, ambayo ujenzi wake ulicheleweshwa na vita, ikaanza kazi mwaka 1950. Mwaka 1951 tramu za mwisho za zamani zikaondolewa Croydon. Basi la mafuta na gari la mtu binafsi vikashika barabara. (Tramu zilirudi mwaka 2000, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Hata hivyo magari ya betri hayakutoweka Uingereza. Kwa miongo mingi maziwa yalipelekwa nyumba kwa nyumba alfajiri kwa vigari vya umeme vilivyokwenda polepole bila kelele. Vigari hivyo vilirudi bohari, vikachajiwa, vikatoka tena kabla ya mapambazuko. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia: gari la betri hufaulu pale ambapo saa zake za kupumzika na mahali pake pa kupumzikia vinajulikana.

Ndoto ya Beddington

Ukitoka kwenye mabomba yale kuelekea magharibi, unavuka mpaka wa Croydon na kuingia Sutton, na muda mfupi baadaye unafika Beddington. Hapo kuna mtaa unaoitwa BedZED, uliokamilika mwaka 2002. Ulisanifiwa na Bill Dunster kwa ushirikiano na shirika la nyumba la Peabody na taasisi ya BioRegional. Una nyumba 82 pamoja na ofisi, na unautambua kwa mbali kwa vifuniko vya rangi vinavyozunguka na upepo juu ya mapaa ili kuingiza hewa safi ndani.

Wengi wanaijua BedZED kama mtaa wa nyumba zisizopoteza joto. Wachache wanajua kwamba paneli zake za sola, zenye eneo la mita za mraba 777, hazikuhesabiwa kwanza kwa ajili ya taa na majiko. Wapangaji wa mradi walizihesabu kwa ajili ya magari. Lengo lao lilikuwa kwamba ndani ya miaka 10 umeme wa paneli hizo utoshe magari 40 ya wakazi.

Kwa nini magari? Sababu ilikuwa ya kiuchumi. Wakati huo paneli zilikuwa ghali mno, na umeme wa gridi ulikuwa wa bei nafuu. Ukitumia paneli kuokoa umeme wa gridi, fedha zako zingechukua miaka mingi sana kurudi. Lakini petroli ilitozwa ushuru mkubwa. Kila yuniti ya jua iliyochukua nafasi ya petroli iliokoa fedha nyingi zaidi. Kwa hiyo gari ndilo lililoifanya sola iwe na maana.

Vituo vya kuchajia viliwekwa, na klabu ya magari ya pamoja ikaanzishwa ili mkazi aweze kutumia gari bila kulinunua. Kilichokosekana ni magari yenyewe. Mwaka 2002 mtu wa kawaida hakuwa na gari la umeme la maana la kununua Uingereza. Mwaka 2004 kilianza kuuzwa London kigari kidogo kilichotengenezwa Bangalore, India, kwa jina la G-Wiz. Kilipendwa na baadhi ya watu kwa sababu hakikulipa ada ya kuingia katikati ya jiji iliyoanza Februari 2003, lakini hakikuwa gari la kusafirisha familia. Magari 40 hayakutokea. Umeme wa paneli ukaingia majumbani.

Mara nyingi BedZED hutajwa kama mradi ulioshindwa kwa sehemu fulani, na ni kweli kwamba mtambo wake wa kuchoma vipande vya miti nao ulisumbua hadi ukaachwa. Lakini kwa upande wa magari, naona wapangaji hawakukosea hesabu. Waliwahi mno. Tena walikuwa na wazo ambalo baadaye lilipotea: mtaa ule ulichanganya walionunua nyumba na waliopanga kwa kodi nafuu, na wote walikuwa chini ya mapaa yaleyale. Paa lilikuwa la mtaa.

Kila mtu na paa lake

Tarehe 1 Aprili 2010 serikali ilianza mpango wa kuwalipa watu waliofunga sola. Mwenye nyumba aliyeweka paneli ndogo kwenye paa lake alilipwa peni 41.3 kwa kila yuniti iliyozalishwa, hata kama aliitumia mwenyewe. Bei za paneli ziliposhuka, malipo nayo yakapunguzwa, yakafika peni 21 mwaka 2012, na mpango ukafungwa kwa waombaji wapya mwishoni mwa Machi 2019. Kufikia hapo paneli zilikuwa zimeenea kwenye mapaa mengi ya Uingereza.

Magari nayo yakafika. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2011, na serikali ikatoa ruzuku ya hadi pauni 5,000 kwa mnunuzi wa gari la umeme. Kukawa pia na ruzuku ya kufunga chaja nyumbani. Kwa mara ya kwanza vitu vitatu vya ndoto ya Beddington, yaani paneli, chaja na gari, vikapatikana kwa pamoja.

Hesabu yake ni rahisi. Paneli za kilowati 4 kusini mwa London huzalisha karibu yuniti 3,500 kwa mwaka. Gari la umeme huenda takriban kilomita 5 kwa yuniti moja. Kwa hiyo paa moja linaweza, kwa mwaka mzima, kulipa zaidi ya kilomita 17,000. Lakini jua haligawi sawa. Desemba huleta sehemu ndogo tu ya kile kinacholetwa na Juni. Vilevile chaja ya kawaida ya nyumbani huvuta kilowati 7, zaidi ya uwezo wa paa lenyewe, na kinachopungua hutoka kwenye gridi. Ndiyo maana zilitengenezwa chaja zinazosubiri ziada ya sola na kupunguza kasi wingu linapopita. Na shida kubwa zaidi ni saa: jua huwaka mchana, wakati gari la mfanyakazi wa ofisini liko mbali na nyumbani.

Ruzuku hizi hazikuwakataza wapangaji, na baadhi ya halmashauri na mashirika ya nyumba yalifunga paneli kwenye nyumba zao. Hata hivyo anayepata vitu vyote vitatu kwa urahisi ni mwenye nyumba yenye paa lake na uwanja wake mbele. Yule wa ghorofani alibaki nje. Kodi nayo ilimwelemea: mwaka 2022, paneli za nyumbani zilipoondolewa kabisa VAT, umeme wa nyumbani ulitozwa asilimia 5, na umeme wa kituo cha barabarani asilimia 20. Gari ni lilelile, umeme ni uleule.

Saa sita mchana

Tangu Januari 2023, teksi ya kukodi inayopewa leseni kwa mara ya kwanza London lazima iwe na uwezo wa kwenda bila kutoa moshi. Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, eneo la ada ya magari machafu lilipanuliwa likafika mitaa yote ya London, Croydon ikiwemo, na ada ni pauni 12.50 kwa siku. Sheria hizi zina sababu nzuri, kwani hewa tunayovuta ni moja. Lakini ziliwagusa kwanza watu wanaoishi kwa usukani, na wengi wao ni wa jamii zetu.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Anaendesha teksi usiku na amepanga ghorofa ya tatu West Croydon. Hurudi asubuhi, hulala, huamka baada ya adhuhuri. Maana yake ni kwamba saa sita mchana, jua likiwa juu kabisa, gari lake la umeme limesimama tu barabarani. Kwa saa zake yeye anafaa kuchaji kwa sola kuliko mwalimu au karani yeyote mwenye nyumba. Kama kile kigari cha maziwa, saa zake za kupumzika zinajulikana. Mahali ndipo hapapo. Nilipomuuliza kwa nini asitumie sola, alicheka akasema, "Jua lipo, mjomba. Paa si langu."

Jibu hilo lilinirudisha mbali na Croydon. Katikati ya miaka ya 1980, huko Meru, Kenya, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins walisaidia kueneza sola mashuleni na kuwafundisha mafundi. Kutoka hapo biashara ya paneli ndogo ikasambaa vijijini. Wazee waliokulia maeneo hayo wanaikumbuka betri ya gari iliyowekwa sebuleni ili kuendesha redio na televisheni. Kabla ya paneli ilibebwa kwa baiskeli hadi mjini kuchajiwa. Baada ya paneli, ilichajiwa na jua la nyumbani. Kwao gari liliipa nyumba betri. Huku kwetu nyumba ndiyo inayolipa gari umeme. Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi ni nyingine: familia ile ya kijijini, hata ikiwa na kipato kidogo, mabati yalikuwa yake. Haikumwomba mtu ruhusa ya kupanda juu na kufunga paneli.

Historia ya Croydon imetuonyesha njia tatu. Kwanza umeme ulikuwa wa mji, na aliyelipa nauli alisafiri. Kisha Beddington ikajaribu paa la pamoja, kabla magari hayajawa tayari. Mwisho tukafika kwenye kila mtu na paa lake, na asiye na paa akaachwa alipe zaidi. Tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi za England zinataka nyumba mpya zenye maegesho ziwe na chaja. Ni hatua nzuri, ila haigusi maghorofa ya zamani ambako wengi wetu tumelelewa. Maghorofa hayo yana mapaa mapana, na chini yake kuna maegesho. Njia ya pili haijajaribiwa tena kwa dhati tangu magari yalipopatikana.

Methali inasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mpaka sasa mwenye paa ndiye alaye jua. Sioni sababu ya kihistoria ya kuamini kwamba lazima iendelee hivyo, kwani maili chache kutoka kwa mjomba wangu watu walishaipiga hesabu nyingine, na hesabu yenyewe haikuwa mbaya.