Arusha: Sheria yamlinda mlango kabla ya ukuta

JENGO la Boma jijini Arusha, lililokamilishwa na Wajerumani mwaka 1900 na ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, huonekana na wengi kuwa la kale mno. Hata hivyo, mbele ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, umri wake pekee hautoshi. Sheria hiyo hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye husubiri kutangazwa na Waziri.

Kwa kuwa mji wa Arusha ulikua kuizunguka Boma hiyo, maduka na nyumba za zamani za katikati ya jiji hazifikii kigezo hicho.

La kushangaza ni kwamba mlango una bahati kuliko ukuta unaoushikilia. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya mwaka 1940, kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki, ni kitu kinacholindwa na sheria hiyo hiyo. Hivyo, duka la mwaka 1930 ambalo halijatangazwa laweza kubomolewa kwa kibali cha kawaida cha halmashauri, ilhali kuusafirisha mlango wake wa nakshi nje ya nchi bila leseni ni kosa.

Zanzibar, yenye sheria zake, hulinda eneo zima. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwenye nyumba anayetaka kubadili paa, madirisha, roshani, milango au baraza za mbele, ama kuongeza ghorofa, huomba kwanza idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kimo nacho huzua mvutano: hoteli iliyojengwa katika eneo la Mambo Msiige na kufunguliwa mwaka 2015 ilihojiwa na Kamati ya Urithi wa Dunia.

Idhini, bila shaka, haizuii uchakavu. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha.

Kwa mmiliki wa Arusha mwenye shaka, Idara ya Mambo ya Kale ndiyo ya kuulizwa, kabla fundi hajang'oa bawaba.