Kogo Hajalogwa: Stori ya Utafiti Uliojua Kuuliza

Wasee, mzee akianza kupotea njia ya boma lake, hapa Kesses nasikia maelezo mawili. Ya kwanza: "Ni uzee tu." Ya pili husemwa kwa sauti ya chini: amelogwa. Ugonjwa hautajwi. Mimi sikubali yote mawili, na historia iko upande wangu.

Kwa miaka mingi, karibu kila kitu dunia ilichojua kuhusu Alzheimer kilitoka kwa Wazungu wa Ulaya na Marekani. Hata mitihani ya kumbukumbu ilitengenezwa kwao. Unaulizwa tarehe, unaambiwa uandike sentensi, utoe 7 kwa 100, halafu 7 tena na tena. Kogo ambaye hakukanyaga darasa atafeli, na bado anakumbuka kila ng'ombe aliyetoka kwa mahari ya binti zake. Hapo shida ni mtihani, si kichwa chake.

Hugh Hendrie na Kathleen Hall wa Chuo Kikuu cha Indiana waliliona hilo. Wakaunda dodoso linaloitwa CSI-D, wakianzia kwa jamii ya Wacree kule Manitoba, Kanada. Dodoso hili linamuuliza mzee mwenyewe, kisha linamuuliza mtu anayemjua vizuri: amebadilika? Kazi alizozizoea zinamshinda?

Mwaka 1992, wao na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, walianza kufuatilia wazee wa miaka 65 kwenda juu: Wayoruba wa mtaa wa Idikan, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mradi ulidumu karibu miaka 20.

Fikiria hiyo kazi. Kuhesabu watu mara moja ni rahisi. Kurudi kwa mlango uleule miaka baadaye, ujue nani amehama na nani amefariki, ndio mziki. Tena anayehoji kwa Kiyoruba lazima apime kitu kilekile anachopima anayehoji kwa Kiingereza. Madaktari wa pande zote mbili walikuwa wanakaa pamoja kukubaliana nani ana ugonjwa, ndio neno moja lisiwe na maana mbili.

Majibu ya 2001 yalishtua. Kila mwaka, Alzheimer iliwapata asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan, na asilimia 2.52 kule Indianapolis. Zaidi ya mara mbili! Na ile jeni ya APOE e4, inayoongeza hatari sana kwa Wazungu, haikuonyesha nguvu hiyo kwa Wayoruba. Hata kwetu, utafiti wa Nyeri uliochapishwa 2010 ulitumia CSI-D na kukuta jeni hiyo kwa wingi, kama asilimia 30, kwa wazima na wagonjwa vilevile.

Kwa hivyo kuna ukweli ambao haungejulikana bila kuuliza Waafrika. Pia ugonjwa huu uko Ibadan, uko Nyeri. Nani alituambia umeruka Uasin Gishu?

Indiana hiyohiyo imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi kwa zaidi ya miaka 30 kupitia AMPATH, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kliniki za HIV. Njia ipo. Maoni yangu: tunahitaji utafiti wa aina hii huku, wa miaka mingi, wenye Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii na wengine wote tunaoishi hapa. Na tuwe na masharti. Wahoji kwa lugha ya mzee, waeleze damu inaenda wapi, na majibu yarudi hadi kwa boma, yasiishie kwa majarida ya ng'ambo.

Na wewe unayesoma hii kwa simu, jua una kazi. Nusu ya lile dodoso haimuulizi kogo. Inamuuliza anayeishi naye, na mara nyingi huyo ni wewe. Anza kuangalia. Ukiona amebadilika, mpeleke hospitali kabla mtu hajamtafutia mchawi.