Nani Kakwambia?

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa nimekaa barazani nikisubiri taarifa ya habari ya jioni, mara akaingia binti wa marehemu kaka yangu, bahasha kubwa mkononi na uso umemshuka. Binti huyu anasomea shahada ya uzamili katika historia. Alinipa shikamoo yangu, akaketi, kisha akaimwaga juu ya meza sura nzima ya tasnifu yake. Kila ukurasa ulikuwa umechafuliwa kwa wino mwekundu.

"Baba mdogo, hebu tazama," akasema. "Miaka miwili nazunguka pwani kutafuta historia ya biashara ya mikeka. Msimamizi wangu hakusema lolote juu ya mikeka. Ameirudisha kazi yangu kwa ajili ya nukta na mikato! Hapa mwaka haumo ndani ya mabano, pale jina la kitabu halikuandikwa kwa herufi za mlazo, kule nimesahau ukurasa. Hii ni elimu au ni ukarani?"

Ndugu msomaji, nilitaka kucheka, lakini nikajizuia. Swali lake lilikuwa la haki. Wapo vijana wengi katika vyuo vyetu wanaodhani kwamba kanuni hizi za kutaja marejeo zilibuniwa na watu wasiokuwa na kazi, ili kuwatesa wenye kazi. Basi nikaamua kumweleza zilikotoka, na leo nawaeleza nanyi.

Wengi husema kwamba jambo hili tuliletewa na Wazungu. Sivyo. Sisi watu wa pwani tulikuwa na habari zake tangu zamani, kwa kupitia elimu ya hadithi za Mtume. Kila hadithi ina sehemu mbili: maneno yenyewe, na mnyororo wa watu walioyapokea, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Mnyororo huo huitwa isnadi. Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, amesimuliwa akieleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiuliza isnadi; lakini fitina ilipozuka baina ya Waislamu, wakaanza kuambiana: tutajieni watu wenu. Angalia sababu iliyotajwa. Si urembo wa maandishi. Ni kwamba uongo ulikuwa umeingia mjini, na watu walitaka kujua nani kasema. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alitumia umri wake kupima minyororo hiyo, kwani hadithi yenye maneno mazuri na isnadi mbovu haikupokelewa.

Huko Ulaya nako, sababu haikuwa tofauti sana. Mwaka 1776 Mwingereza Edward Gibbon alitoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuanguka kwa dola ya Rumi. Maelezo ya vyanzo vyake yalikuwa yamerundikwa mwishoni mwa kitabu. Mwanafalsafa David Hume, aliyekuwa mgonjwa na ambaye hakumaliza mwaka ule, alikisoma akakipenda, lakini akamwandikia mpigaji chapa kulalamika: msomaji analazimika kila mara kufungua nyuma ya kitabu, na mara nyingi akifika huko hakuti ila jina la kitabu kingine. Akashauri marejeo ya namna hiyo yawekwe pembeni au chini ya ukurasa uleule. Ikawa hivyo katika matoleo yaliyofuata. Tanbihi za Gibbon zilishuka chini ya ukurasa kwa malalamiko ya msomaji aliyechoka kupekua.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1778, kijana mmoja wa Oxford, Henry Davis, alitoa kitabu kumshutumu Gibbon kwamba amepotosha vyanzo vyake na kuiba maneno ya wengine. Gibbon alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1779. Ninalotaka mlione ni hili: kijana yule asiyejulikana aliweza kumkabili mwandishi mashuhuri kwa sababu mwandishi huyo mwenyewe alikuwa amemwonyesha njia ya kwenda kumkagua. Gibbon aliacha mlango wazi. Mtu anayetaja chanzo chake anawaambia wasomaji: nendeni mkaangalie, na kama nimesema uongo nikamateni.

Sasa tuje kwenye mabano yaliyomkera binti yangu. Mtindo wa kuweka jina na mwaka ndani ya mabano, ambao wengi huuita wa Harvard, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1881, na kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama katika chuo hicho. Alikuwa akiandika juu ya mayai ya konokono asiye na nyumba. Wanasayansi walitaka kujua upesi nani kagundua nini na mwaka gani, basi mwaka ukapandishwa juu, ukakaa pamoja na jina. Mwaka 1906 kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa kitabu cha kanuni zake, ambacho hadi leo kinatolewa upya. Mwaka 1929 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha mwongozo wao katika jarida, kurasa 7 tu. Siku hizi mwongozo huo ni kitabu kinene cha kurasa mia kadhaa.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika habari hii ni mwanamke aitwaye Kate Turabian. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1958 alikuwa katibu wa tasnifu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kila mwanafunzi aliyetaka shahada ya juu ilibidi karatasi zake zipite juu ya meza ya mama huyu. Akachoka kuwaeleza makosa yaleyale kila mwaka. Mwaka 1937 akaandika kijitabu cha kuwaongoza. Kijitabu kile kikawa kitabu, kikauzwa mamilioni ya nakala duniani. Na Kate Turabian mwenyewe hakuwa na shahada hata moja. Kwa hiyo binti yangu alipouliza kama hii ni elimu au ukarani, nilimjibu: mwanangu, ni ukarani, na karani huyo amewanyoosha madaktari na maprofesa wa dunia nzima.

Alicheka kidogo. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kusoma ile sura yake, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Sura ilikuwa nzuri. Ilieleza jinsi ukindu ulivyokatwa, ulivyoanikwa na kutiwa rangi. Jinsi mikeka ilivyopelekwa mjini, na nani alishika fedha baina ya mke na mume. Lakini nilipotazama majina, nikamkuta profesa mmoja wa nje ametajwa mara sita. Palipoelezwa mambo hasa, yale ambayo hayamo katika kitabu chochote, paliandikwa: mahojiano na mzee mmoja, wa kike, kijijini.

Nikamwuliza, "Huyu mzee mmoja ana jina?"

Akafungua daftari lake. Jina lilikuwamo, na kijiji, na siku walizokaa pamoja: tisa. Siku tisa bibi yule amemlaza nyumbani kwake, amempikia, amemfundisha kusuka ukili mpaka vidole vikachubuka.

"Sasa kwa nini hayumo?"

"Baba mdogo, mwongozo niliokuwa nikiufuata hauna nafasi yake katika orodha ya mwisho."

Ni kweli. Mwongozo ule wa wanasaikolojia unaagiza kwamba mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata mahali popote yatajwe ndani ya maandishi tu, yasiingie katika orodha. Hoja yake inaeleweka: orodha ni ya vitu vinavyoweza kufuatwa. Toleo la saba, lililotoka mwaka 2019, limeongeza maelezo ya namna ya kuwataja wazee wa jamii za asili kwa majina yao na mahali pao. Lakini mwanafunzi mwenye haraka hasomi hadi huko. Anaona hakuna kisanduku, basi mzee anabaki nje.

Ndugu zangu, pwani yetu inayajua haya. Mwaka 1903, mjini Göttingen, kilitolewa kitabu cha Kiswahili cha desturi za Waswahili, ambacho hadi leo hakina mfano: kuzaliwa, jando, arusi, ngoma, deni, mazishi. Sehemu kubwa ya maneno yale iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900. Lakini jina lililopewa nafasi ya juu ya jalada lilikuwa la Dokta Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Simwiti Velten mwizi; bila yeye huenda tusingekuwa na kitabu. Nasema tu kwamba aliyefuata kanuni sawasawa aliandika Velten, 1903, akaweka nukta, akaenda zake. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotoka Marekani mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa katika anwani ya kitabu. Kutoka 1903 hadi 1981 ni miaka 78.

Na wapo waliofanya vizuri zaidi. Historia ya Pate iliyochapishwa na Stigand mwaka 1913 inajulikana kuwa ilitoka kinywani mwa Bwana Kitini, kwa sababu jina lake liliandikwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Waliandika majina ya wazee hao. Leo wazee wale wote wametangulia mbele ya haki, na bado mtafiti anaweza kusema fulani wa mahali fulani alisema hivi.

Nami nisijifanye mtakatifu. Miaka mingi iliyopita, katika mazungumzo haya haya ya redio, nilisimulia kisa cha njaa ya zamani nilichopewa na jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu. Nilikisimulia kama vile nilikiokota mwenyewe. Asubuhi nilipopita mbele ya nyumba yake alinijibu salamu, akasema, "Nilikusikiliza jana. Sauti yako nzuri. Nikawaambia wajukuu, yale ni maneno yangu. Hawakuniamini." Hakusema zaidi. Alifariki kabla sijapata namna ya kusahihisha. Wajukuu wale sasa ni watu wazima, na mimi sina la kuwaambia.

Kuna jambo jingine la zama hizi. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja mjini New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili walioleta mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilikuwa zimetungwa na programu ya kompyuta. Zilikuwa na majina, miaka na namba, kila kitu mahali pake. Haya ndiyo niliyomwambia binti yangu: nukta na mabano yanaweza kukamilika, na ndani yake pasiwe na mtu. Na anaweza kuwapo mtu mzima wa nyama na damu, aliyekulaza siku tisa, na mabano yakakosa pa kumweka. Sheria ya kutaja marejeo haikuja kwa ajili ya nukta. Ilikuja kujibu swali moja: nani kakwambia?

Si kila mzee anapenda kutajwa. Wengine wana sababu zao, na mtafiti mwenye adabu huuliza kwanza. Kwa hiyo nilimshauri binti yangu asahihishe nukta zote alizoambiwa, kwani msimamizi alikuwa na haki yake, kisha apande basi arudi kijijini akamwulize bibi.

Alikwenda. Aliporudi alinieleza yaliyojiri. Bibi alimsikiliza, akauliza kama jina lake litakaa katika kitabu hicho hata akifa. Akaambiwa ndiyo. Akanyamaza, akaendelea kusuka. Baadaye akasema: "Basi usiniandike mimi peke yangu. Mimi haya nilifunzwa na bibi yangu mzaa mama, na yeye alifunzwa na shangazi yake. Waandike na wao." Akawataja majina, mmoja baada ya mwingine.

Binti amewaandika wote watatu, ndani ya maandishi na katika orodha ya mwisho pia. Hajui kama msimamizi atakubali, kwa sababu hakuna mwongozo aliouona wenye kanuni ya namna hiyo. Nilimwambia kwamba kanuni hiyo ipo, ni ya zamani kuliko Chicago na Harvard, na bibi yule ameitumia bila kuambiwa na mtu.

Tukutane juma lijalo.