Jezi Kumi na Tatu

Nilipoacha chuo, mjomba aliniuliza kama nitarukaruka hivi maisha yangu yote. Sikumjibu. Siku hizo nilikuwa nakesha nikisoma habari za Ish Smith.

Jamaa ana futi 6 tu. Mwaka 2010 alitoka Wake Forest, na NBA ilipochagua wachezaji wapya jina lake halikuitwa kabisa. Houston Rockets wakamchukua hivyo hivyo. Februari 2011, hata hajazoea, akapelekwa Memphis pamoja na Shane Battier. Na aliyetoka Memphis kuja Houston alikuwa nani? Jirani yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009. Hebu pima hapo. Thabeet alicheza NBA mara ya mwisho 2014. Huyu ambaye hakuna aliyemtaja alifika 2024.

Si ati alifika kwa raha. Golden State, Orlando, Milwaukee, Phoenix, kila mara mabegi mlangoni. Detroit walikaa naye misimu 3, na kwake hiyo ni kama ndoa. Watu humwita mchezaji wa kuhamahama, wakimaanisha hakuna aliyemtaka. Mimi nahesabu vingine: timu 13 zilimtaka, na hakuna mwingine katika historia ya ligi aliyechezea nyingi hivyo.

Ya 13 ilikuwa Denver Nuggets. Huko alikaa sana benchi, bana. Juni 2023 wakachukua ubingwa. Msimu uliofuata akarudi kuchezea Charlotte, mji aliozaliwa.